Taa Nje ya Pazia

Pazia letu lilikuwa na rangi tatu, na kila rangi nilijua imetoka chumba gani. Nyeupe ilikuwa ya Bibi: chandarua cha duara alichokuwa nacho kabla mimi sijazaliwa, kimefuliwa mpaka kimelainika kama mtandio. Buluu ilitoka kwa mke wa mvuvi wa ghorofa ya kwanza. Kijani tuliinunua Mchangani, wari sita, kwa pesa iliyochangwa na nyumba nzima. Fundi wa uchochoro wa nyuma aliziunga zote tatu kwa cherehani yake ya miguu, na wiki ya mwisho ya Disemba 2009 tukalitundika kwenye baraza ya juu, Unguja nzima ikiwa kizani.

Nilikuwa na miaka 12. Umeme ulikatika Alhamisi, tarehe 10 ya mwezi ule. Umeme wa Unguja huja kutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, unaoingia kisiwani Fumba, na waya wa siku zile ulikuwa umeshatimiza karibu miaka 30. Ulishawahi kutuacha gizani kwa karibu mwezi, tangu 21 Mei mpaka 18 Juni 2008, kwa hivyo watu wazima walikuwa wamezoea: walifuta vumbi kandili zao, wakanunua mafuta ya taa, wakasema ni siku chache. Lakini giza la 2008 lilitukuta mwisho wa masika, kusi inaanza kuvuma, usiku una ubaridi na mtu analala na shuka. Hili la pili lilitukuta kaskazi imeingia. Lilidumu miezi mitatu, mpaka Machi 2010, na hiyo ni miongoni mwa miezi ya joto kali katika mwaka wetu.

Wageni huzisifu nyumba za Mji Mkongwe kwamba zina ubaridi. Mchana ni kweli. Lakini kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wangu wa wakati ule, hunywa jua kutwa nzima, na usiku huanza kulitoa polepole, saa ile ile mtu anapotaka kulala. Vyumba navyo ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, mita tatu hivi au pungufu. Humo tulilala watu wanne. Panka likizunguka, chumba kinakalika. Likisimama, unasikia jasho likitafuta njia mgongoni.

Nyumba yetu ilikuwa Kiponda. Ni moja ya zile zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 zikagawiwa watu, ghorofa kwa ghorofa, chumba kwa chumba. Tulikuwa kaya sita. Kila kaya ilikuwa na mlango wake na kufuli lake. Vilivyokuwa vya wote ni ngazi, kisima cha uani chenye maji ya munyu, na baraza ya juu kabisa, iliyoezekwa bati juu ya nguzo za mikoko, ukuta upande mmoja na pande tatu wazi. Upepo wa kaskazi ulifika pale ukiwa mzima, unanuka bandari ya Malindi. Lakini usiku hakuna aliyekaa pale. Mchana tulianika nguo na kuchambua mchele. Ikifika magharibi kila mtu anakusanya vyake na kushuka, kwa sababu ya mbu.

Usiku wa tatu wa giza, mama yangu alibeba mkeka na mto, akasema anakwenda kulala juu na watoto, mbu na wale. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na pepeo lake la ukindu.

"Mtalala juu, mwanangu," alimwambia, "lakini si hivi hivi. Nipe siku mbili tatu."

Bibi alizaa watoto sita, akazika mmoja. Ni baba mdogo wangu ambaye sikumjua, aliyefariki mwaka 1975 akiwa na miaka minne, kwa homa ya siku tatu. Jambo lile nililielewa vizuri nilipokuwa mkubwa na kuanza kusoma habari za malaria visiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilianza kampeni kubwa ya kupiga DDT majumbani, na Bibi aliwakumbuka wale wapiga dawa na mabomba yao mgongoni, na alama nyeupe walizoacha ukutani. Kufikia 1968 malaria ilikuwa imepungua sana, na kampeni ikasimamishwa. Miaka michache baadaye ugonjwa ukarudi kwa nguvu zake zote, ukawakuta watoto ambao miili yao haikuwa imeuzoea. Mtoto wa Bibi alikuwa mmoja wao. Bibi mwenyewe hakuwahi kulieleza kwa maneno haya. Alisema tu, "Waliondoka mapema," akimaanisha wapiga dawa.

Kwa hivyo mwaka 2006, wapiga dawa walipokuja tena na tukatoa vyombo vyote nje, Bibi aliwakaribisha kama watu aliowangoja. Miaka ile Zanzibar ilifanya kazi kubwa. Dawa mseto ya malaria ilianza kutolewa bure mwaka 2003, vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wajawazito na watoto wadogo kuanzia 2005, na kuta zikapigwa dawa. Kufikia wakati wa giza letu, waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa chini ya mmoja katika kila watu 100. Vijana wa nyumbani walianza kuongea juu ya malaria kama habari ya zamani. Bibi hakukubali. Alitoa amri moja kabla kazi haijaanza: chandarua chochote kilichogawiwa na serikali hakitoki kitandani. Pazia litashonwa kwa vyandarua vilivyochakaa na kwa kitambaa cha kununua. Mke wa mvuvi aliyeleta kile cha buluu alihojiwa kwanza kwamba mtoto wake mchanga analalia nini.

Na mbu walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu iliyotokana na giza lenyewe. Pampu za maji huendeshwa kwa umeme. Bomba zilikauka, na kila kaya ikaanza kuweka maji: ndoo, madumu, mapipa, masufuria makubwa ya shughuli, yamepangwa kila kipandio cha ngazi. Wiki haikupita ukainamia pipa na kuona viluwiluwi vinapinda na kunyooka kwenye maji. Hivyo ni vya mbu wa mchana, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Unguja imemjua kwa muda mrefu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa katika karne ya 19, aliandika juu ya homa kubwa ya mwaka 1870 ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wengi wanaona ndimo lilimotoka jina la dengue linalotumika leo dunia nzima. Kuna wataalamu wanaosema homa ile kwa dalili zake ilikuwa chikungunya, ambalo nalo ni neno la Kimakonde, lililoshika baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Maradhi mawili ya mbu yanaitwa ulimwenguni kwa maneno ya watu wa pwani hii. Huwa nalifikiria hilo kila nionapo ndoo isiyofunikwa.

Usiku alikuja mwengine, mbu wa makaro, yule anayelia sikioni. Wa malaria, Bibi alisema, halii hata ukamsikia. Usiku hatukutaka kujua nani ni nani.

Kulishona pazia kulikuwa kazi ya siku moja. Kulifanya lizuie mbu ilikuwa kazi ya siku nane, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba chandarua cha kitandani na pazia la baraza ni vitu viwili. Chandarua unakichomeka chini ya godoro, basi. Pazia halina godoro. Lina upepo, lina kona, lina watu wanaoingia na kutoka, na mbu hatafuti mlango mkubwa.

Kwanza tulitaka kulipigilia ukutani. Msumari uliingia kwa ulaini wa kutia shaka, kisha ukatoka na kipande cha chokaa ukubwa wa andazi. Kuta zetu hazishiki msumari. Ukilazimisha unabomoa nyumba. Fundi akashauri tuvute waya kutoka nguzo hadi nguzo, chini kidogo ya bati, na tulitundike pazia kwa pete. Pete za pazia zilikuwa ghali. Nikatumwa Darajani kununua bangili za plastiki, za rangi mchanganyiko, dazeni nne. Zilipita kwenye waya vizuri kuliko pete za duka, na zikigongana zilitoa sauti ndogo ambayo mpaka leo nikiisikia kwenye mkono wa mtoto hugeuka.

Halafu upepo. Usiku wa kwanza kaskazi ililiinua pazia lote kama tanga, ikatuachia sakafu wazi, na asubuhi vifundo vya miguu yetu vilikuwa na vipele vyekundu safu moja, pale pale lilipokomea pazia. Bibi akatia mchanga kwenye pindo; mchanga ukavuja na kutapakaa kwenye mikeka. Tukajaribu vijiwe; vikachana kitambaa. Mwisho mvuvi wa ghorofa ya kwanza, mtu wa maneno machache, alipanda na mfuko wa chubwi za risasi, zile za kuzamishia mishipi. "Mshipi na hili ni mamoja," alisema, "vyote vinataka kwenda chini." Fundi alikunja pindo la marekani nene, akazishonea ndani moja moja, umbali wa shibiri kati ya moja na nyingine. Bibi akaamuru pazia liwe refu kuliko kimo cha kutoka kwenye waya hadi sakafuni kwa shibiri nzima, ili pindo lilale sakafuni badala ya kugusa tu. Tangu siku hiyo upepo ulilivimbisha tumbo lakini miguu yake haikunyanyuka.

Mlango tuliufanya kwa kupishanisha vipande viwili kiasi cha mkono mzima, unaingia kwa ubavu, unapita kati, na pazia linajifunga nyuma yako lenyewe. Watoto walikatazwa kuchezea hapo. Tundu kati ya bati na ukuta lilizibwa kwa magunia. Kona moja tulihangaika nayo wiki nzima, mpaka jirani mmoja akaifunga kwa kanga kuukuu na ikanyamaza.

Kosa la taa lilikuwa langu. Tulikuwa tumekaa ndani ya pazia, kibatari kimewekwa katikati ya mkeka, nikageuka kuchukua maji na kiwiko changu kikakisukuma. Kilibingirika hadi kwenye kile kipande cha buluu. Haukutokea moto kama nilivyotarajia. Kitambaa kilijikunja tu, kikarudi nyuma kutoka kwenye mwali kama kitu kinachoogopa, na matone meusi ya moto yakadondoka mkekani, moja likanipata mguuni. Kufumba na kufumbua pana tundu ukubwa wa sahani. Mama alikizima kwa kanga yake. Mke wa mvuvi alikuwa amemshika mtoto wake kifuani na hakusema kitu, na kile kimya chake ndicho kilichoniliza.

Bibi alitazama tundu, akanitazama mguu, akachukua kandili, akainama, akapita kwa ubavu na kuiweka nje ya pazia, juu ya ukuta mfupi wa ukingo. Kisha akarudi kukaa gizani nasi.

Nia yake ilikuwa kuepuka moto tu. Lakini sote tuliona jambo jingine papo hapo. Taa ikiwa ndani, sisi hatukuona chochote cha nje. Pazia lilikuwa kama ukuta mweupe unaong'aa. Na watu wa nje walituona sisi wote. Jirani wa nyumba ya ng'ambo ya uchochoro alishawahi kumwambia Mama kwa upole kwamba kutoka darini kwake anaona vivuli vyetu, nani amejifunga vipi, nani amefungua nywele. Taa ilipotoka nje, mambo yaligeuka. Pazia lilipotea machoni petu. Tuliuona mnara wa msikiti, mapaa ya bati, nyota nyingi ambazo mji wenye umeme huzificha, na taa za majahazi kule Malindi. Na kutoka nje, alisema yule jirani alipoulizwa kesho yake, haonekani mtu. Inaonekana taa na kitu cheupe nyuma yake. Wadudu nao waliifuata taa wakatuacha.

Kuanzia usiku ule wanawake wa nyumba nzima walipanda. Walivua mabuibui na mitandio, wakalala chali kwenye mikeka, wakaongea. Mimi nilikuwa nimeishi na wanawake wale tangu kuzaliwa, tukipishana kwenye ngazi na kugombania zamu ya kisima, na sikuwahi kuwasikia wakiongea vile. Mmoja, ambaye nilidhani ni mkali, alijua hadithi za majini wa kila mtaa kuanzia Vuga hadi Funguni. Mwengine alimfundisha Mama kusuka ukili gizani, kwa kupapasa.

Wanaume walibaki kwenye baraza ya chini, ya uchochoroni, ile ya mawe iliyoshikana na nyumba. Mzee mmoja wa chini hakulipenda pazia hata kidogo. Alikuwa akikaa barazani tangu baada ya alasiri hadi isha, kila siku aliyopewa na Mungu, na alisema baraza ikitiwa pazia si baraza tena, ni chumba. Baraza ni mahali ambapo mpita njia anaketi bila ya kuomba ruhusa. Bibi alimstahi sana. Alimteremshia salamu na jibu: ya chini ni ya wapitao, ya juu ni ya walalao. Mzee aliendelea kukaa na moshi wa makumbi na kivumbasi pembeni yake, na nakiri kwamba alikuwa na haki. Sitaki kuona baraza za uchochoroni zikizungushiwa neti. Mji huu unajuana kwa sababu ya zile baraza. Mkewe, hata hivyo, alikuwa wa kwanza kupanda kila usiku, na mkeka wake aliuacha huko huko.

Katikati ya Januari tulikwenda Makunduchi, kwao Bibi, kumtazama dada yake. Nilitarajia mbu wa kutisha. Bibi akanicheka, akanipeleka kuona choo cha shimo nyuma ya nyumba jirani na kunieleza jambo ambalo nilidhani ananitania. Mwaka 1988 walikuja wataalamu, akiwamo Mwingereza Chris Curtis, wakamwaga vyooni chenga nyeupe nyepesi za plastiki, aina ile ile inayowekwa kwenye boksi la redio mpya isivunjike. Chenga zile zilielea juu ya maji machafu zikatanda kama povu, na mbu wa makaro akakosa pa kutagia. Viluwiluwi vilivyokuwemo vikakosa pumzi. Pamoja na hayo watu walipewa dawa za kumeza, maana vita ilikuwa juu ya matende na mshipa, maradhi ambayo mbu yule ndiye anayeyabeba. Bibi alikumbuka wanaume wa kijijini waliokuwa wakijificha kwa aibu ya maradhi yale. Dada yake alisema mwaka uliofuatia walikaa uani usiku bila ya kujipiga makofi, na kwamba watu walifikiri wamekuwa viziwi.

Nilimuuliza Bibi kwa nini basi tunahangaika na pazia mjini, tusimwage chenga kwenye makaro yetu. Alisema mtu hufunga mlango alionao. Karo la Mji Mkongwe ni la nyumba nne tano, liko chini ya njia, huwezi kulifikia. Pazia tulikuwa nalo mkononi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1900 madaktari wawili kutoka London, Louis Sambon na George Low, walikwenda kukaa kwenye kibanda karibu na Ostia, nje ya Roma, sehemu iliyokuwa ikiua watu kwa malaria. Kibanda kilikuwa na wavu mlangoni na madirishani. Mchana walitembea, wakalowana na mvua, wakavuta hewa ya kinamasi iliyodhaniwa ndiyo sumu. Jua lilipokaribia kuchwa waliingia ndani wasitoke hadi asubuhi. Walimaliza msimu mzima wa homa na hawakuugua. Niliposoma habari ile nilimfikiria Bibi na chubwi zake. Jambo walilowathibitishia wakubwa wa tiba duniani ni lile lile alilolisimamia yeye bila ya kusoma: kati ya magharibi na alfajiri kuwe na kitambaa baina yako na yule mdudu, na kisiwe na tundu.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni wa maulidi. Mfungo sita mwaka ule uliangukia giza lile lile. Kumi na mbili yake ilikuwa mwisho wa Februari. Kila mwaka wanawake wa nyumba walisoma maulidi chumbani kwa mtu, wamebanana, wengine kwenye ngazi. Mwaka 2010 walisoma juu. Walikuja na majirani wa nyumba tatu, na nadhani tulifika 40 ndani ya pazia lile. Kandili mbili zilikuwa nje ukingoni. Chetezo Bibi alikiweka mbali na kitambaa, karibu na ukuta, na moshi wa udi ulipanda hadi kwenye bati, ukateremka, ukatoka taratibu kupitia matundu ya neti, bila ya mbu kuingia kwa njia ile ile. Mwezi ulikuwa karibu kukamilika. Jenereta za mahoteli zilikuwa zikinguruma tangu mchana, lakini walipoanza kuitikia sikuzisikia tena. Walipofika wakati wa kusimama, wakasimama wote pamoja, na upepo wa watu 40 wakisimama ulilisukuma pazia nje, likajaa, chubwi zikaburura sakafuni, likarudi. Binti mmoja alipita na mrashi akinyunyiza marashi vichwani mwetu. Nilimwona Bibi analia. Wakati ule nilidhani ni kwa ajili ya kaswida.

Umeme ulirudi mwezi wa Machi. Mji mzima ulipiga kelele, kuanzia Malindi hadi Ng'ambo, na nyumba yetu iliwaka kama meli. Panka lilizunguka. Usiku ule watu walishuka vyumbani kwao, na kila mlango ukafungwa. Kwa wiki moja hivi walipanda wawili watatu, kisha masika ikaanza, kisha ikawa mazoea. Sikuwalaumu, lakini nilihuzunika, na bado nahuzunika. Tuliobaki juu ni Bibi na mimi, na yule mke wa mzee wa chini, ambaye mkeka wake haukushuka kamwe. Tulilala huko kila kaskazi mpaka Bibi alipofariki mwaka 2016.

Pazia bado lipo. Kipande cha kijani kimebadilishwa mara mbili, cha buluu kimeondoka, na kiraka cheupe cha lile tundu nililolichoma kimehamia kwenye kitambaa kipya kwa sababu nilikataa kukitupa. Siku hizi nalitazama kwa jicho jingine pia. Vyandarua na dawa za ukutani vimewabana mbu wanaouma ndani, na visiwani mbu wa malaria aliyebaki na nguvu ni Anopheles arabiensis, ambaye yuko tayari kuuma nje, wakati watu bado wamekaa wanaongea. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamejaribu vipande vya gunia vilivyotiwa dawa, vya kutundika pale watu wanapokaa nje jioni. Hiyo ni habari njema, na ningependa ifike mapema kwenye kila ua wa Unguja. Kitanda tumekilinda. Saa zile tatu nne kabla ya kitanda, tunapopika uani, tunapofundishwa chuoni, tunapomngoja mgeni barazani, bado ziko wazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na baraza ya nyuma au ya juu, isiyo njia ya watu, izungushie pazia. Usikitoe chandarua cha mtoto kitandani kwa kazi hiyo. Nunua kitambaa chake. Vuta waya, usipigilie ukuta wa chokaa. Tia chubwi kwenye pindo. Taa iweke nje. Na ukipima urefu, pima kutoka kwenye waya hadi sakafuni, kisha ongeza shibiri moja.